Bustani ya Shule Wakati wa Masika

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Garsen



 Mimi si bwana shamba, wala sikusomea kilimo katika chuo chochote. Nimekuwa mwalimu wa shule za msingi kwa muda wote wa kazi yangu, na sasa nimestaafu, nimerudi kukaa hapa Garsen. Nitakayoyasema ni mambo niliyoyaona kwa macho yangu, pamoja na mengine niliyofundishwa na wazee, ambao baadhi yao wameketi mbele yangu hivi sasa.

Jambo lenyewe mnalijua. Chama chetu kina kipande cha ardhi kati ya shule na mto. Leo alasiri mtapiga kura kuamua kama kipande hicho kikodishwe, ili mfuko wetu wa kuwasaidia wanafunzi upate fedha kila mwaka, au kama wapewe wanafunzi wakifanye bustani kuanzia masika yajayo. Wanachama wengi wenye busara wanapendelea kukodisha. Wanasema, na maneno yao yamenifikia hata barazani kwangu, "Tuliwapeleka watoto shuleni wakashike kalamu. Jembe wanalo nyumbani." Sikuja hapa kuwabeza wasemao hivyo. Nataka kwanza nionyeshe kwamba wanayo sababu, kisha nieleze kwa nini, ijapokuwa wanayo sababu hiyo, mimi naiunga mkono bustani. Lakini naiunga mkono kwa masharti matatu, na pasipo masharti hayo afadhali ardhi ikodishwe.

SHAKA YA WAZAZI

Shaka hii ina umri mkubwa kuliko sisi. Katika mwaka 1924 ilipita Afrika ya Mashariki tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, ikapendekeza kwamba shule za Waafrika zifundishe zaidi kilimo, afya na kazi za mikono. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Shule ya Jeanes pale Kabete kuwafundisha walimu kwa njia hiyo. Katika mapendekezo yale mlikuwa na mema, lakini wazazi wetu hawakuwa wajinga. Waliona kwamba mtoto wa Mzungu alisomeshwa ili awe hakimu au daktari, na mtoto wa Mwafrika akapewa jembe, nao wakauliza sababu. Tangu siku hizo bustani ya shule imebeba lawama kwamba ni hila ya kumzuia mtoto asipande juu.

Uhuru ulipokuja lawama hiyo haikutoweka, kwa kuwa sisi walimu wenyewe tuliilisha. Nilipokuwa mwanafunzi mdogo, shamba la shule lilikuwa mahali pa adhabu. Aliyechelewa alipelekwa kulima. Aliyeshindwa na hesabu za kuzidisha alipelekwa kulima. Siku moja nililima matuta manne kwa kosa la kusahau kalamu nyumbani, na mahindi yaliyotoka katika matuta yale sikujua yalikokwenda. Najua tu kwamba hayakuja katika sahani yangu. Mtoto anayelelewa hivyo hujifunza neno moja, nalo ni kwamba kulima ni kazi ya mtu aliyekosa.

Marehemu Mwalimu Julius Nyerere aliliona jambo hili. Katika maandishi yake ya mwaka 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea alitaka shule ziwe na mashamba, lakini alitaka shamba liwe sehemu ya masomo, na wanafunzi washiriki katika kuamua mambo yake na kuonja faida ya jasho lao. Shule zilizochukua jembe zikaacha ushauri ule mwingine ziliwageuza wanafunzi kuwa vibarua. Hapa Kenya tulikuwa na vyama vya 4-K, vilivyoanzishwa mwaka 1962, na maana ya jina ilikuwa Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vilifanya kazi njema, kisha katika shule nyingi vikafifia, hata Serikali ikavizindua upya mwaka 2021. Na sasa mtaala wa umilisi, uliochukua nafasi ya ule wa 8-4-4, unamtaka mtoto wa gredi ya nne ajifunze kilimo na lishe kwa vitendo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, bustani itakuja, tupende tusipende. Lililo mikononi mwetu ni kuamua itakuwa bustani ya namna gani.

MAKOSA YANGU YA MWAKA WA KWANZA

Miaka michache baada ya mapigano ya mwaka 2012 nilihamishiwa shule moja ya msingi kando ya mto. Watoto wa Wapokomo na watoto wa Waorma walikuwa wamerudi kusoma katika chumba kimoja, lakini hawakupenda kukaa dawati moja. Nikafikiri kwamba bustani ingewaleta pamoja. Nia ilikuwa njema, walakini maarifa yalikuwa haba, na makosa ninayoyataja hapa ni yangu mimi mwenyewe.

Kosa la kwanza lilikuwa la mahali. Nilichagua uwanja ulio mbali na ukingo wa mto, nikidhani kwamba kadiri tunavyojitenga na mto ndivyo tunavyoepuka mafuriko. Mzee yeyote hapa angaliniambia kwamba nimekosea. Mto wetu unapofurika huangusha mchanga na tope zito kwanza karibu na ukingo, na kwa miaka mingi ukingo huinuka. Nyuma ya mwinuko huo ardhi hushuka, na maji yakishaingia huko hukaa. Haya niliyafundisha darasani katika somo la jiografia, nikayasahau siku nilipopima bustani.

Kosa la pili lilikuwa la wakati. Tulilima mwezi wa Machi, tukapanda mvua za kwanza zilipoanguka. Mahindi yakaota na kunde zikaota, na watoto wakafurahi. Kisha mwezi wa Aprili shule ikafungwa. Nawaomba mlifikirie jambo hili, maana walimu wengi hawalifikiri. Likizo ya Aprili huangukia katikati ya masika hasa, wakati mche ungali mchanga, magugu yana nguvu, na maji ya mvua za Mlima Kenya na milima ya Nyandarua yako njiani kuja kwetu. Kalenda ya shule haikupangwa na mtu wa mto Tana. Tuliporudi muhula wa pili, magugu yalikuwa yamefika magotini, nusu ya chini ilikuwa imesimama maji, na mahindi yaliyosalia yalikuwa ya manjano.

Kosa la tatu lilikuwa la ua. Tulikuwa tumekata matawi ya miiba tukazungushia bustani, na sikuuliza ni nani apitaye pale. Kumbe ua ule ulikata njia ambayo ng'ombe na mbuzi hupitia kwenda kunywa maji. Mifugo haikuacha njia yake kwa ajili ya kunde za shule. Iliingia ikala, na baadhi ya watoto wa wakulima wakaanza kunong'ona maneno ambayo tulikuwa tumekwisha kuyasikia mwaka 2012.

Siku ya kwanza ya muhula watoto walisimama wakatazama yale mabaki. Hakuna aliyeshangaa ila mimi. Msichana mmoja wa darasa la sita aliniambia kwa adabu, "Mwalimu, nyanya yangu alisema tangu Machi kwamba pale ni pa maji." Nikamwuliza, "Mbona hukuniambia, mwanangu?" Akainamisha macho akajibu, "Hukuuliza, mwalimu."

SHARTI LA KWANZA: WAULIZWE WANAOUJUA MTO

Jibu la mtoto yule ndilo asili ya sharti langu la kwanza. Mwaka uliofuata, kabla ya kugusa jembe, tulimwalika nyanya yake. Alikuja na mkongojo wake, akaketishwa kitini chini ya mwembe, na watoto wakaketi chini kumzunguka. Alituambia kwamba tunataka bustani mbili, si moja. Ya kwanza ni ya juu, katika mwinuko wa ukingo, na hiyo hupandwa kunde, mchicha na bamia kwa mvua za masika. Ya pili ni ya chini, na hiyo haiguswi mpaka maji yaje na yaondoke. "Tope likiweza kumbeba mtu asizame," alisema, "hapo ndipo mpande mahindi na pojo, maana udongo umeshiba, hautaomba mvua."

Twaona hapa jinsi maarifa ya bibi mmoja yalivyotatua shida ambayo mwalimu hakuiweza. Mchicha wa juu huchumwa baada ya majuma matatu au manne. Bustani ya chini hupandwa maji yakishapungua, yaani katika muhula wa pili, na pojo hukomaa kwa muda wa miezi miwili hivi, kabla shule haijafungwa mwezi wa Agosti. Hivyo kalenda ya mto na kalenda ya shule zilipatana. Kwa likizo ya Aprili tuliandika zamu. Watoto waishio karibu walikuja wawili wawili asubuhi kupalilia bustani ya juu, kila jozi pamoja na mzazi mmoja, wala mtoto hakuruhusiwa kuteremka mtoni peke yake kuchota maji. Mamba wa Tana hana habari kwamba huyu ni mwanafunzi.

Wako watakaosema kwamba maarifa ya wazee si elimu ya shule. Nawakumbusha kwamba wimbo wetu wa taifa, uliotayarishwa mwaka 1963, ulipata sauti yake katika wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Taifa zima halikuona haya kupokea sauti kutoka kwa mama wa Tana. Sioni kwa nini shule ya hapa hapa Tana ione haya kupokea ushauri kutoka kwake juu ya kunde.

Tena tumekwisha kuona hasara ya kupanda bila kuuliza. Mti wa mathenge uliletwa katika sehemu za Bura na Hola katika miaka ya 1980 kwa nia njema, ili upatikane kuni na ardhi ipate kivuli. Leo umefunga malisho na njia, na miiba yake tunaijua sote kwa nyayo zetu.

Hata hivyo, wazee wangu, hapana budi niseme na upande wa pili. Maarifa ya zamani peke yake hayatoshi tena, na kosa si la wazee. Huko juu ya mto yamejengwa mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Tangu hapo maji hayaji kwetu kwa desturi yake ya kale. Mwaka mmoja twangoja mafuriko madogo ya kulowesha mashamba, hayaji. Mwaka mwingine mto huja wote kwa mara moja. Kwa sababu hiyo tuliwafundisha watoto kuweka kumbukumbu. Tulisimamisha mti wenye alama katika kijito kidogo kilicho salama, na kila asubuhi mtoto mmoja wa zamu, akiwa pamoja na mwalimu, aliandika kimo cha maji katika daftari. Katika somo la hesabu walichora mstari wa kupanda na kushuka kwa maji, na wazee walipokuja walionyeshwa daftari lile. Mzee alisimulia jinsi mto ulivyokuwa, na mtoto akamsomea jinsi ulivyo sasa. Nafikiri hiyo ni elimu ambayo hakuna mzazi awezaye kuiita hila.

SHARTI LA PILI: NJIA YA MIFUGO IBAKI WAZI

Sasa naja kwenye jambo zito zaidi, na naomba nisikizwe kwa utulivu.

Kuanzia Agosti 2012 hadi mwanzo wa mwaka 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika eneo letu hili la delta, wanaume, wanawake na watoto. Nyumba zilichomwa moto, na watoto wengi walikimbia vijiji vyao wakaacha masomo. Sitarudia kusema ni nani alianza. Lakini kila mtu aliyeketi hapa anajua kwamba kati ya mambo yaliyokuwa chini ya ugomvi ule yalikuwamo haya mawili: shamba la mkulima lililoingiliwa na mifugo, na njia ya mfugaji kwenda majini iliyozibwa na shamba. Njia hizo tunaziita malka. Wakati wa kiangazi mfugaji asiye na malka hana mifugo, na mkulima aliyeliwa shamba hana chakula cha mwaka.

Nilipoona ua wangu wa miiba umeziba malka, nilitambua kwamba nilikuwa nimejenga ugomvi ule ule kwa udogo, ndani ya shule, kwa mikono ya watoto. Hapo nilikwenda kwa wazee. Wa Gasa walikuja, na wa Matadeda walikuja, na wale vijana wachungaji ambao mbuzi wao walikula kunde zetu wakaja pia. Tulitembea njia yote kwa miguu, kutoka malishoni hadi majini, na watoto wa darasa la saba wakishika kamba ya kupimia. Wazee wakasema njia iwe na upana gani. Watoto wakaandika. Kisha tukaung'oa ua tukausogeza nyuma.

Tulipoteza karibu theluthi moja ya bustani kwa ajili ya njia ile. Mwanafunzi mmoja, mwana wa mkulima, alinung'unika kwamba tumewapa wafugaji ardhi yetu. Juma lililofuata, mwenzake wa Kiorma alikuja asubuhi na mkokoteni wa punda uliojaa samadi kutoka zizi la baba yake, naye hakuwa ameombwa. Samadi mbichi huunguza miche, basi tukairundika kivulini na majani makavu, tukaitia maji na kuipindua kila juma mpaka ikawa nyeusi na harufu ikaisha. Kijana yule akafanywa msimamizi wa samadi, na yule aliyenung'unika akawa msaidizi wake. Sitaki kutia chumvi nikasema kwamba walikuwa marafiki tangu siku ile. Nasema walishika reki moja kwa zamu, na kwa wakati ule hilo lilinitosha.

Tangu njia ilipofunguliwa, mifugo haikuvunja ua tena muda wote niliokuwa pale. Waliotuvamia ni ngedere na viboko, na hao hawana baraza la wazee tungalilolishtaki.

SHARTI LA TATU: BUSTANI ISIWE ADHABU, NA MAVUNO YAWE YA WATOTO

Sharti la tatu ni fupi, lakini likivunjwa hayo mawili ya kwanza hayana kazi. Mtoto asipelekwe bustanini kwa kosa, kamwe. Kwetu tulifanya kinyume: aliyekosa nidhamu alinyimwa zamu yake ya bustani, na niliona watoto wakiomba msamaha ili warudishiwe ndoo.

Kadhalika mavuno yawe na hesabu. Tulikuwa na daftari moja lililotunzwa na wanafunzi wawili, mmoja wa kuandika na mmoja wa kuhakiki. Kila fungu la mchicha na kila kisaga cha pojo kiliandikwa kilikokwenda: jikoni mwa shule, au sokoni, au nyumbani kwa mtoto mwenye shida. Fedha ya sokoni ilinunua mbegu na madaftari. Sheria ilikuwa moja kwa wote, hata kwa mwalimu. Jina langu liliandikwa mle: mafungu mawili ya mchicha, nikalipa. Siku ile nilipolipa niliwaona watoto wakitazamana, na nikakumbuka matuta yangu manne ya utotoni.

Katika bustani hiyo masomo yaliingia yenyewe. Tuling'oa mche wa kunde kwa uangalifu, tukauosha mizizi, na watoto wakaona vijinundu vidogo, navyo ndimo wakaamo vijidudu vinavyoivuta naitrojeni kutoka hewani na kuitia katika mmea. Ndipo wakafahamu kwa nini nyanya aliagiza mahindi yafuatane na kunde. Bibi alikuwa na desturi, na kitabu kilikuwa na sababu, na mtoto akawa na vyote viwili.

MTO ULIPOCHUKUA VYOTE

Sitawaficha kwamba bustani ile iliharibika. Katika masika ya mwaka 2018 mto ulifurika kuliko kimo cha alama zetu zote, familia nyingi za delta zikahama kutafuta mahali pa juu, na bustani zetu zote mbili zikalala chini ya maji. Tuliporudi hapakuwa na tuta hata moja lililoonekana.

Lakini mbegu zilikuwapo. Kila baada ya mavuno watoto walichagua punje njema za pojo na kunde, wakazikausha, wakazichanganya na majivu ili wadudu wasizile, wakazitia katika vibuyu na chupa, na kuzitundika juu darini. Maji yalipoondoka yaliacha tope jipya, na katika tope lile tulipanda mbegu zetu wenyewe wakati jamaa wengi wakingoja msaada wa mbegu. Watoto waligawia nyumba kadhaa za jirani, punje za kuanzia tu. Daftari likaandikwa: zimetolewa, hazikuuzwa.

Tangu hapo nchi yetu imeona nzige mwaka 2020, kisha mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2023, na mafuriko ya mwaka 2024 ambayo yalifanya shule za Kenya nzima zichelewe kufunguliwa, kutoka tarehe 29 Aprili hadi 13 Mei. Hatuna sababu ya kudhani kwamba mto utatulia kwa ajili yetu. Mtoto wa Tana atakayekuwa karani, mwuguzi au mhandisi hana budi kuujua mto huu, maana hata akikaa Nairobi, mama yake atakuwa angali anaishi kando yake.

OMBI LANGU KWA CHAMA

Bwana Mwenyekiti, sitawadanganya kwamba bustani italeta fedha kama ukodishaji. Haitaleta. Mfuko wetu wa wanafunzi ni kitu chema, na watoto wengi wameshika kalamu kwa sababu ya mfuko huo. Kwa hiyo siombi kipande chote. Naomba mkutano uyafikirie mambo manne yafuatayo:

Kwanza, kwamba ardhi ile igawanywe. Upande wa kaskazini ukodishwe kama ilivyopendekezwa, na fedha zake ziingie katika mfuko. Upande wa kusini, ulio karibu na shule, wenye mwinuko wake na bonde lake, uwe bustani ya wanafunzi.

Pili, kwamba malka ipitayo baina ya pande hizo mbili ibaki wazi daima, upana wake upimwe na wazee wa pande zote, na neno hilo liandikwe katika mkataba wa mkodishaji na katika karatasi ya shule vilevile. Asiyekubali njia, asipewe ardhi.

Tatu, kwamba Chama kinunue majembe, reki, ndoo na pipa la maji, ili watoto wasiende mtoni kuchota. Na kwa miezi ya Aprili iwepo halmashauri ndogo ya wazazi kusimamia zamu za likizo.

Nne, kwamba daftari la bustani lisomwe kila mwaka mbele ya mkutano huu, na lisomwe na mwanafunzi mwenyewe. Ikiwa siku moja litasomwa na mwalimu, au lisisomwe kabisa, basi wanachama wajue kwamba bustani imerudi kuwa shamba la adhabu, nao wawe na haki ya kuichukua ardhi yao.

Wale wanaosema kwamba watoto walikwenda shuleni kushika kalamu wamesema kweli. Ninachoomba ni kwamba kalamu hiyo iandike kimo cha mto wetu, upana wa njia yetu na hesabu ya mbegu zetu, kwa kuwa mambo hayo kwa miaka mingi hayakuandikwa na mtu, na kwa kutoandikwa kwake tulipigana.

Nyanya yule wa chini ya mwembe amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Mjukuu wake amemaliza shule ya upili. Alipokuja kuniaga aliniuliza kama lile daftari la kimo cha maji bado lipo. Nilimwambia kwamba lipo, na kwamba lina kurasa tupu zinazongoja mwandishi. Masika hayako mbali, na uamuzi uko kwenu.